Filamu Moja, Miisho Miwili: Uchambuzi wa Kisa cha Nkuhungu

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, katika nyumba moja ya Nkuhungu, mjini Dodoma, mazungumzo ya kikundi chetu cha wapenzi wa filamu yalivunjika kabla hata chai haijamiminwa. Tulikuwa watu tisa, na kila mmoja alikuwa amekwisha kuitazama nyumbani kwake filamu tuliyokubaliana kuijadili, I Am Legend ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Francis Lawrence na kuchezwa na Will Smith. Mwalimu, mstaafu wa sekondari ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na ndiye hufungua mjadala, alianza kwa kueleza jinsi kifo cha daktari Robert Neville kinavyoikamilisha huzuni ya mtu aliyempoteza mke na binti, akabaki peke yake New York na mbwa wake. Sista, muuguzi ambaye hujiunga nasi anapokuwa hana zamu, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, “Samahani Mwalimu, naomba nikurudishe nyuma kidogo. Daktari hakufa.”

Mwalimu alitabasamu. “Sista, nimeitazama mara mbili wiki hii.”

“Na mimi nimeitazama jana usiku, Mwalimu. Anaondoka na gari yuko hai, pamoja na yule mama na yule mtoto.”

Msomaji wa mbali anaweza kuliona hili kuwa jambo dogo, lakini sisi tuliokuwapo tuliuona uzito wake. Kumwambia mzee kwamba alichokiona hakipo ni kumwambia kwamba anasema uongo, au kwamba uzee umemfikia, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kutamkwa barazani mbele ya watu bila kuacha kovu. Sista naye ni mtu ambaye kazi yake nzima ni kuandika kwa usahihi alichokiona, saa ngapi na kwa mgonjwa yupi. Kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kutorudi nyuma.

Mmoja wetu alipendekeza njia ambayo sote tuliiona ya haki: tulinganishe urefu wa nakala. Ikiwa ya Sista ni ndefu au fupi kuliko ya Mwalimu, itajulikana kuwa ni nyingine; ikiwa ni sawa, basi ni filamu ile ile na mmoja wao amekosea. Mwalimu alikuwa na DVD halisi yenye jalada lake, aliyoletewa na mwanawe kutoka Marekani, nayo ilionyesha takriban dakika 100. Sista alikuwa na faili kwenye flash, aliyowekewa katika duka la kunakili filamu, yale ambayo mtaani tunayaita library, nayo ilionyesha dakika 100 vile vile. Kisha mwanafunzi wa chuo aliyekuwa ameketi mlangoni akatoa simu yake na kusema kwamba nakala yake ina dakika 96 tu, na kwamba katika nakala hiyo daktari anakufa kama Mwalimu alivyosema.

Hukumu iliyofuata ilikuwa na mantiki yote isipokuwa ukweli. Nakala ya mwanafunzi ilitangazwa kuwa imekatwa, kwa kuwa imepungukiwa na dakika nne. Nakala za Mwalimu na Sista zilitangazwa kuwa ni kitu kimoja, kwa kuwa zinalingana. Na kwa kuwa watu wawili waliona kifo na mmoja hakukiona, Sista alihesabiwa kuwa alisinzia mwishoni kwa uchovu wa zamu, akaota. Aliinuka, akamuaga mama mwenye nyumba, akaondoka bila kunywa chai yake.

Mimi kazi yangu ni kuhariri picha za harusi na za mikutano, na suala la mwendo wa picha nalishika mikononi kila siku. Nilikaa kimya jioni ile kwa sababu sikuwa na uhakika, na mpaka leo najuta kwamba sikumzuia Sista mlangoni. Siku ya pili yake niliwapigia simu wote na kuomba nakala zao. Nilizipata nne: hizo tatu, na ya nne ya kijana wa bodaboda kutoka Chang'ombe, ambaye jioni ile hakusema neno kwa kuwa yeye aliitazama ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili na DJ, akadhani nakala ya namna hiyo haihesabiki.

Nilianza kwa kufungua taarifa za kila nakala kwenye kompyuta, na jibu la nusu ya ugomvi lilikuwa pale pale, katika mstari ambao watu wengi hawausomi. Diski ya Mwalimu ilikuwa ya mfumo wa NTSC, ule wa televisheni za Marekani, yenye mistari 480. Nakala za Sista na za mwanafunzi zote mbili zilikuwa na mistari 576 na mwendo wa fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 moja moja, ishara ya kwamba asili yake ni diski za mfumo wa PAL, ule wa nchi kama Tanzania.

Hapa inafaa kueleza taratibu. Filamu ya sinema hupigwa na huonyeshwa kwa fremu 24 kila sekunde. Televisheni za zamani hazikuweza kufuata mwendo huo, kwa sababu zilijengwa juu ya mapigo ya umeme wa nchi husika. Marekani, yenye umeme wa hezi 60, ilikuwa na picha karibu 30 kwa sekunde; Tanzania na sehemu kubwa ya Ulaya, zenye umeme wa hezi 50, zilikuwa na picha 25. Mfumo wa Marekani huziba pengo kwa kurudia sehemu za fremu kwa mpango maalumu, moja mara mbili na inayofuata mara tatu, hivyo muda wa filamu haubadiliki, ingawa kamera inapogeuka taratibu jicho lililozoea huona mtikisiko mdogo. Mfumo wa PAL ulichukua njia rahisi zaidi: kwa kuwa 24 na 25 ni jirani, filamu inaendeshwa kwa 25 moja kwa moja. Hakuna kinachokatwa. Kila neno, kila uso na kila mlango unaofunguliwa vipo, ila vyote vinakwenda kasi kwa zaidi kidogo ya asilimia 4, na filamu ya dakika 100 inamalizika katika dakika 96.

Kwa hiyo nakala ya mwanafunzi, tuliyoihukumu kuwa imekatwa, ilikuwa filamu ya Mwalimu kamili, bila kupungua hata pumzi moja.

Sikutaka kuwaambia watu hili kwa maneno matupu, kwa hiyo niliweka kompyuta mbili juu ya meza moja na kuzianzisha pamoja, diski ya Mwalimu upande wa kushoto na faili ya mwanafunzi upande wa kulia. Filamu hii huanza na mahojiano ya televisheni, ambamo daktari mwanamke anaeleza kuwa wametengeneza kirusi cha surua upya ili kitibu saratani. Katika sentensi zake za kwanza skrini zote mbili zilisema pamoja. Dakika moja baadaye ya kulia ilikuwa mbele kwa sekunde mbili na nusu, na midomo haikukutana tena. Dakika ya kumi ilikuwa mbele kwa sekunde 25. Nilimwita jirani yangu, mwalimu wa kwaya, ambaye hakuwa na habari ya ugomvi wetu, nikamwomba asikilize wimbo wa Bob Marley unaopigwa ndani ya filamu, kwanza kushoto kisha kulia. Hakuuliza chochote kuhusu picha. Aliimba noti ya kwanza, akaimba ya pili, akasema, “Huu wa pili umepanda. Haujafika nusu toni, lakini umepanda.” Ndivyo inavyokuwa: picha ikiharakishwa na sauti ikaachwa ifuate, kila sauti hupanda pamoja nayo, na Will Smith wa nakala ya kulia ana koo jembamba kidogo kuliko wa kushoto.

Baada ya hapo swali la Sista lilijifungua lenyewe. Ikiwa nakala yake nayo ni ya fremu 25, dakika zake 100 haziwezi kuwa dakika 100 za Mwalimu. Ukizirudisha kwenye mwendo wa sinema, zinakuwa dakika 104 na ushei. Na mwaka 2008, filamu hii ilipotolewa Marekani kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, lilikuwapo toleo la diski mbili ambalo ndani yake mlikuwa na filamu iliyoonyeshwa kwenye sinema na pia filamu hiyo hiyo yenye mwisho mwingine, ya takriban dakika 104. Sista alikuwa ametazama hiyo ya pili. Urefu uliokaribia kufanana, ambao tuliuchukua kuwa ushahidi dhidi yake, ulitokana na mambo mawili yaliyokutana kwa bahati: toleo lake lilikuwa refu zaidi kwa dakika nne, na mwendo wa PAL ulikuwa umezimeza karibu dakika nne hizo hizo.

Ninaamini tungeweza kusomesha hesabu hii hadi usiku na bado tukakosa jambo lenyewe, kwa hiyo nageukia miisho.

Miisho hiyo inatengana katika chumba cha chini cha nyumba ya Neville, katika maabara yake. Walioambukizwa, watu ambao kirusi kile kiliwageuza kuwa viumbe wakali, wameivamia nyumba, na Neville, pamoja na manusura wenzake Anna na mtoto Ethan, wamejifungia nyuma ya kioo kinene pamoja na mgonjwa wa kike ambaye Neville alimnasa siku kadhaa kabla ili amjaribishie dawa. Kiongozi wa wavamizi anakibamiza kioo kwa kichwa na mabega. Katika toleo la sinema, kioo kinapasuka, na katika nyufa zake Neville anaona umbo la kipepeo, kama lile ambalo binti yake alimwonyesha kwa vidole siku waliyoachana. Anachukua damu yenye tiba, anampa Anna, anawasukuma yeye na mtoto katika tundu la zamani la makaa, kisha anachukua bomu la mkono na kuwakimbilia wavamizi. Anna na Ethan wanafika Vermont, kwenye kambi ya walionusurika, na sauti ya Anna inatuambia kwamba Neville ndiye shujaa wa simulizi hii.

Katika toleo la Sista, kiongozi yule anaacha kukibamiza kioo. Anaweka kiganja chake juu yake na kuchora kwa uchafu umbo la kipepeo. Neville anaduwaa, kisha anamgeukia mgonjwa aliyelala mezani, na mwilini mwake kuna mchoro wa kipepeo. Hapo ndipo anapoelewa kwamba hawakuja kula watu. Wamekuja kumchukua mwenzao. Anaweka silaha chini, anafungua mlango, anamsukuma mgonjwa nje juu ya kitanda cha magurudumu na kumwamsha kwa mikono inayotetemeka, huku wavamizi wamemzunguka wakinguruma. Yule kiongozi anamshika mwanamke wake kwa namna ambayo mtazamaji hakuitegemea kwa kiumbe huyo. Neville anaomba radhi. Kisha anautazama ukuta wa maabara, uliojaa picha za wote aliowajaribishia dawa wakafa, na kwa mara ya kwanza anaziona kama tunavyoziona sisi.

Maoni yangu ni kwamba mwisho huu wa pili ndio ambao filamu yenyewe ilikuwa ikiuandaa tangu katikati. Katika matoleo yote mawili, Neville anapomnasa yule mwanamke, kiongozi wao anajitokeza na kuuweka uso wake juani, ingawa jua linamuunguza, ili tu aone anakopelekwa. Neville anarekodi tukio hilo kwa sauti yake ya kitaalamu, anahitimisha kwamba tabia ya kibinadamu imekwisha kabisa kwao, na anaendelea na kazi. Mtazamaji makini anaona kinyume chake: mtu aliyekubali kuungua kwa ajili ya mwingine. Vile vile, mtego anaonaswa Neville umetegwa kwa ustadi ule ule wa mtego alioutega yeye. Toleo la sinema linaziacha ishara hizi zining'inie bila jibu. Toleo la pili linazikusanya zote na kuziweka juu ya kioo kimoja.

Lakini Mwalimu naye anastahili haki yake. Riwaya ya Richard Matheson ya mwaka 1954, ambayo filamu imetokana nayo, inamalizika kwa Neville kufa, na anakufa akiwa ameelewa kwamba kwa jamii mpya iliyozaliwa yeye ndiye jitu la kutisha la usiku. Toleo la sinema lilichukua kifo likakiacha kile alichokielewa. Toleo la Sista lilichukua uelewa huo likakiacha kifo. Aliyetengeneza mwisho wa toleo la Sista hakuubuni pembeni: ulipigwa na timu ile ile na ukawekwa kando baada ya maonyesho ya majaribio, ambapo watazamaji hawakuupokea vizuri. Na mwaka 2023 mmoja wa waandishi wa filamu, Akiva Goldsman, alisema kwamba mwendelezo unaotayarishwa utaufuata mwisho ambao Neville anabaki hai. Kwa hiyo hata neno “halisi” linayumba mtu anapotaka kulitumia kwa toleo moja dhidi ya jingine.

Wala filamu hii haiko peke yake. Blade Runner ya Ridley Scott ilitoka sinema mwaka 1982 ikiwa na sauti ya masimulizi ya mhusika mkuu na mwisho wa faraja. Toleo la mwaka 1992 liliondoa vyote viwili na kuongeza ndoto ya farasi mwenye pembe moja, ambayo inamfanya mtazamaji ajiulize kama mhusika huyo ni binadamu. Urefu wa matoleo hayo haukutofautiana hata kwa dakika mbili. Anayepima kwa saa hataona kitu. Kinyume chake, Kingdom of Heaven ya mwongozaji huyo huyo ilikuwa na dakika 144 kwenye sinema mwaka 2005, na toleo lake la nyumbani lina dakika 194, pamoja na mtoto mzima wa Sibylla, mrithi wa ufalme, ambaye watazamaji wa sinema hawakujua kama aliwahi kuishi.

Nakala ya nne, ya kijana wa bodaboda, nilikaribia kuipita haraka, na ningekosea. Picha yake ilikuwa imekatwa pembeni ili ijaze televisheni ya zamani ya umbo la 4:3. Filamu hii ni pana sana, uwiano wa upana kwa kimo chake ukiwa 2.39 kwa 1, na ukiikata hivyo unabakiwa na asilimia 56 ya picha. Neville anapotembea katika mitaa mitupu ya New York, upweke wake umetengenezwa na nafasi iliyo kushoto na kulia kwake. Nafasi hiyo ikiondoka, anabaki mtu anayetembea tu. Mwisho wake ulikuwa ule wa sinema. Hata hivyo DJ aliyetafsiri alikuwa ameongeza jambo ambalo halimo katika nakala nyingine yoyote: wakati kiongozi wa walioambukizwa anauweka uso wake juani, mahali ambapo filamu imenyamaza, yeye alisema kwa sauti ya chini, “Mke wake huyo, jamani.” Mtu huyu, akiwa na nakala iliyokatwa karibu nusu ya picha na ambayo haina mwisho wa pili, alikiona kile ambacho Neville hakukiona, akatuambia. Sijui neno zuri la kuiita nakala ya namna hiyo zaidi ya kusema kwamba nayo ni toleo.

Nilikwenda pia kwa kijana wa duka alilowekewa Sista, kwa sababu nilitaka kujua nakala ile ilifikaje pale. Alinieleza kwa uwazi. Alikuwa na faili mbili zenye jina moja, akadhani amejirudia, akafuta moja ili kupata nafasi. Aliyoibakiza aliichagua kwa sababu ilikuwa nyepesi. Hapa ndipo ninapoiona hasara ya filamu kusafiri bila jalada lake. Jalada la diski huandika toleo, urefu na umbo la picha; diski yenyewe hueleza mfumo na hata ukanda, yaani sehemu ya dunia ambako imekusudiwa kuchezwa, wa Mwalimu ukiwa ukanda namba 1, wakati Tanzania imo katika ukanda namba 5, na isingecheza kwake kama deki yake haingekuwa ya kucheza kanda zote. Faili ikishapita katika flash tatu hubaki na jina tu, na jina ni sehemu pekee ambayo matoleo yote yanafanana.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba mama mwenye nyumba atukaribishe tena, nikampigia Sista mimi mwenyewe, na Mwalimu naye, bila mimi kumwomba, alimpigia pia. Tuliitazama miisho yote miwili kwenye ukuta uliopakwa chokaa, wa sinema kwanza. Kiganja kilipoteleza juu ya kioo na kipepeo kikatokea, hakuna aliyezungumza. Ukuta wa picha za wagonjwa ulipoonekana, Sista alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kila moja ya picha zile ilipaswa kuwa na jina chini yake. Mwalimu alivua miwani. “Sista,” alisema, “uliniambia mbele ya watu, nami mbele ya watu nasema ulikuwa sahihi.”

“Na wewe ulikuwa sahihi, Mwalimu.”

Tangu siku hiyo, filamu inapotangazwa katika kundi letu la simu, kila mwenye nakala huandika mstari mmoja: mwendo wa fremu, urefu, umbo la picha, na sura ya mwisho kabisa kabla ya majina kupanda. Mstari wa kijana wa bodaboda huwa wa kwanza kufika.

Mwalimu aliazima flash ya Sista kwa wiki moja, na alipoirudisha aliniuliza swali ambalo lilinichukua siku mbili kulijibu: wajukuu zake wa kidato cha tatu, ambao hawajaiona kabisa, aanze kuwaonyesha ipi? Nilimshauri aanze na ile ya sinema, na awaache walale nayo usiku mmoja wakiamini kwamba wale waliokuwa nje ya kioo walikuwa wanyama.